Nani atamlipa mchoraji wa vyombo vya anga Kampala?

Mwaka 1975 mwongozaji wa Marekani George Lucas alikuwa na skripti ya filamu ya Star Wars ambayo wakubwa wa studio waliisoma wakabaki wanakuna vichwa. Humo mlikuwa na roboti wawili waliopotea jangwani, panga za mwanga, na jitu la kutisha lililovaa nguo nyeusi. Lucas akamtafuta mchoraji aitwaye Ralph McQuarrie, akampa kurasa zile na kumweleza anachotaka kuona. McQuarrie alipofika kwenye lile jitu akaona kuwa linatakiwa kuvuka kutoka chombo kimoja cha anga hadi kingine, na huko katikati hakuna hewa. Sasa litapumua vipi? Akalichorea barakoa ya kupumulia. Lucas aliipenda, barakoa ikabaki jumla usoni kwa jitu lile, Darth Vader, na ule mkoromo wa pumzi ambao hata mtoto wa mtaa wa Bwaise hapa Kampala anaweza kuuigiza ulikuja baadaye, kwa sababu barakoa ilikuwa tayari ipo.

Nimeanza na barakoa kwa sababu vijana wa Kampala wanaotamani kazi hii ya kuchorea filamu, na siku hizi si haba, karibu wote huanza na swali moja: nitumie programu gani? Wanataka kujua tableti ya kuchorea inauzwa bei gani, na kama kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ndogo itavumilia. Maswali halali, sikatai. Ila aliyeuliza jitu litapumua vipi hakuwa anauliza habari za kalamu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mbunifu wa dhana ni mtu anayechora vitu vya filamu kabla havijajengwa. Chombo cha anga, vazi, silaha, mtaa mzima, mnyama ambaye hajawahi kuwepo. Anachora ili mwongozaji, fundi wa kuchomelea, mshonaji, mtu wa kamera na mwenye fedha wawe wanazungumzia kitu kimoja wanapokaa mezani. Filamu ikitoka, michoro yake haionekani popote, kinachoonekana ni vitu vilivyojengwa kwa kuifuata. Ni kazi ya nyuma ya pazia hasa, na katika filamu za bunilizi za kisayansi ndiyo inayoamua kama mtazamaji atakubali kudanganywa au atacheka pasipostahili.

Uganda ina watu wanaojua vitu vinavyofanya kazi. Ina wanaojua kuchora. Ina watazamaji wa filamu hizi mpaka kwenye mabanda ya mabati. Kinachokosekana ni mteja wa hatua ya karatasi, yaani mtu aliye tayari kutoa fedha kwa ajili ya mchoro wakati filamu bado ni maneno matupu. Mpaka mteja huyo apatikane, kuwaambia vijana kwamba fursa zipo ni kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Tuyatazame kwanza maisha ya McQuarrie, kwa sababu watu wengi huyasimulia kama hadithi ya kipaji na kuruka sehemu zenye manufaa.

Alizaliwa 1929 katika mji wa Gary, Indiana, akakulia Montana. Alikwenda vita vya Korea akapigwa risasi ya kichwa, akapona. Baadaye akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Boeing kama mchoraji wa kiufundi. Kazi ile haina ujiko hata kidogo: unachora kipande hiki kinavyoingia kwenye kile, bolti inakaa wapi, waya unapita wapi, ili fundi atakayefungua kitabu aelewe bila kupiga simu. Michoro yake mingine ilikuwa ya vitabu vya ndege ya 747. Kisha akawa anachora mabango ya filamu, na pia michoro inayotembea kama katuni iliyotumiwa na televisheni ya CBS kuwaeleza watazamaji safari za Apollo za kwenda mwezini. Huko nako alikuwa mwalimu kuliko msanii: chombo kinajitenga hivi, kinageuka hivi, kinatua hivi.

Ndipo waandishi wawili wa filamu, Hal Barwood na Matthew Robbins, walipomwomba awachoree picha za filamu ya anga waliyokuwa wakiipanga. Filamu ile haikutengenezwa. Lakini rafiki yao Lucas aliziona zile picha, na alipokuwa na ya kwake akajua pa kwenda. Kumbuka kwamba mwaka ule wa 1975 McQuarrie alikuwa na umri wa miaka 45 au 46. Nina rafiki wa miaka 24 mtaa wa Kamwokya ambaye ameshaamua kuwa amechelewa.

Picha alizomchorea Lucas hazikuchorwa kwa ajili yetu sisi watazamaji. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa wakurugenzi wa 20th Century Fox, watu wa hesabu, ambao walihitaji kuona wanatakiwa kutoa fedha kwa ajili ya nini. Mojawapo ilikuwa roboti wawili wakiwa wamesimama katika nchi ya mawe na mchanga, mmoja wa dhahabu na mwembamba kama mtu aliyekonda kwa njaa, mwingine mfupi wa duara. Ukiitazama huoni mbwembwe. Unaona vumbi. Unaona viungo vya magoti ya yule mrefu na unaelewa atatembea vipi, na kwamba atatembea kwa shida. Mhasibu asiyejua lolote kuhusu sayari za mbali anaweza kuitazama picha ile akasema, sawa, hiki kinaweza kujengwa. Filamu ikapata fedha, mwisho wa yote takriban dola milioni 11, ikatoka Mei 1977, na yaliyofuata yanajulikana.

Wengine wa kizazi chake walipitia milango ya namna hiyohiyo. Syd Mead alianzia kwenye ofisi ya kubuni magari ya Ford mwaka 1959. Alipoitwa kwenye filamu ya Blade Runner, iliyotoka 1982, aliajiriwa achore magari tu, lakini akayachora yakiwa barabarani, na barabara zile zikampendeza mwongozaji Ridley Scott hadi akaongezewa kazi ya mji. Ron Cobb, aliyechora sehemu za ndani za chombo cha anga cha Nostromo katika filamu ya Alien ya 1979, alikuwa mchora vikatuni wa gazeti ambaye hakuvumilia chombo kisichoonyesha mlango unafungukaje. Alibuni hata alama za kubandika milangoni, zile za kuonya kuwa hapa hewa imebanwa, hapa hakuna uvutano. Watazamaji wengi hawakuzisoma. Waigizaji walipita mbele ya alama hizo kila siku, na nadhani hilo lilitosha.

Sasa turudi nyumbani.

Nenda Wakaliga, kitongoji cha Kampala ambako Isaac Nabwana alianzisha studio yake inayojulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Filamu yao iliyowapa jina ilitoka 2010, ikitengenezwa kwa fedha ambazo Hollywood haziwezi kulipia chai ya siku moja ya wafanyakazi. Bunduki zinazoonekana humo, mitutu mikubwa ya kuzunguka, na helikopta iliyosimama uani kwao, ni kazi ya mikono ya Dauda Bisaso, fundi wa vyuma chakavu. Ukimpa Bisaso bomba, gia za pikipiki na kipande cha mlango wa gari, atakurudishia silaha ambayo kwenye kamera utaapa kuwa ni ya jeshi. Ni mbunifu wa kiwango cha juu, na nasema hivyo bila upendeleo wa kizalendo. Ila yeye hupita mkato: wazo linatoka kichwani linaingia moja kwa moja kwenye moto wa kuchomelea. Karatasi haimo.

Wapo wanaoona huo kuwa upungufu wa elimu. Mimi naona ni hesabu sahihi. Mchoro huokoa fedha pale tu ambapo kosa ni ghali. Studio inayojenga chombo cha urefu wa jengo, kwa mbao za kununua na mafundi wa kulipwa kwa saa, ikikosea kimo cha mlango imekwisha, ndiyo maana inamlipa mtu miezi kadhaa achore mlango. Lakini ikiwa chuma ni chakavu, karakana ni uani kwenu na mafundi ni majirani, kosa halina bei: unakata, unachomelea upya, jioni mnapiga picha. Kumlipa mchoraji katika mazingira hayo ni kutupa fedha. Wakaliga waliona hivyo bila kuambiwa na mshauri yeyote, na walikuwa sahihi.

Tatizo linakuja ukitaka kutoka hapo. Kitu kilichomo kichwani mwa fundi mmoja hakigawanyiki kwa mafundi kumi. Hakiwezi kupelekwa kwa mwenye fedha aliyeko Nairobi au Cape Town aone anachotakiwa kulipia. Na fundi akisafiri, filamu inasimama. Wapenzi wa Wakaliwood watanijibu kwamba utamu wa filamu zile uko hapohapo, kwenye mkato. Nakubali, tena nimezicheka filamu hizo mpaka machozi. Lakini utamu huo ni wa nyumba moja. Haiwezekani kila studio ya Kampala iishi kwa kupendwa kwa sababu ya ufukara wake.

Tupande mjini sasa, Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Kama kuna mahali Uganda pamewahi kuwa na shule ya ubunifu wa dhana isiyojitambua, ni pale. Mtaa ule ndio uliotoa yale mabango ya rangi kali yanayowavika marais na majemadari mavazi ya makomando wa sinema, helikopta juu, moto nyuma, vifaru miguuni. Ingia kwenye kijichumba chochote cha ghorofani. Kompyuta tatu zimebanana, mashine ya kuchapa inapiga kelele ukumbini, joto. Kijana yuko kitini, na nyuma ya kiti amesimama mteja, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti kana kwamba kompyuta ni yake.

"Mkubwa, hapo nyuma weka moto."

"Moto upo, mzee. Niongeze?"

"Ongeza. Halafu huyu mfanye mrefu kuliko yule."

Kijana anavuta, anakata kivuli, anakirudisha upande wa pili ili mwanga wa moto na mwanga wa uso viafikiane. Mteja hakuomba hilo la kivuli, wala hatalilipia, lakini kijana analifanya kwa sababu bila hilo picha inasema uongo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ninayoizungumzia. Kuchukua maneno ya mtu asiyejua kuchora, kusikia anachotaka chini ya anachosema, na kumtolea kitu ambacho macho yanakubali. Wanaofanya hivyo katika ofisi za filamu California wana chama cha wafanyakazi na mkataba. Wa Nasser Road analipwa kwa bango, marekebisho hayana mwisho, na malipo yake yamefichwa ndani ya bei ya uchapaji, kwa hiyo mbele ya mteja ubunifu ni wa bure na karatasi ndiyo yenye bei.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Mtaa mzima umewazoesha wateja kuamini kwamba kuchora ni huduma ya nyongeza, kama mfuko wa kubebea bidhaa. Mtayarishaji wa filamu wa Kampala naye ni mteja aliyelelewa kwenye mtaa huohuo. Atalipia kamera, atalipia chakula, atalipia gari la kubeba waigizaji. Ukimwambia atenge fedha kwa ajili ya michoro 20 kabla ya yote hayo, atakuuliza kama huwezi kumfanyia kwanza halafu mtaonana filamu ikiuzwa.

Nimesema watazamaji tunao, na sisemi kwa kukisia. Mabanda ya video ya Uganda yamekuwa yakionyesha filamu za anga na roboti kwa miaka mingi, na VJ, yule msimulizi anayezungumza juu ya filamu kwa Kiganda, amekwisha kuzifanya kuwa zetu. Chombo kikitua atakupa na jina la mtaa kilipotua. Jitu la chuma likiamka atalifananisha na mwenye nyumba wa mwisho wa mwezi. Kazi ya kumshawishi Mganda wa kawaida apokee mambo ya kisayansi kwenye skrini ilishafanywa na ma-VJ, bila ruzuku ya mtu. Kinachomfika mtazamaji huyo ni vyombo vilivyochorwa kwingine, basi.

Ni wapi basi ambapo Mganda amepata kulipwa kwa kuchora mambo yasiyokuwepo? Jibu liko kwenye filamu za katuni, na sababu yake inaeleweka ukifikiri kidogo. Filamu ya kawaida unaweza kuianza bila mchoro: mtaa upo, mtu yupo, chuma kipo. Katuni huwezi. Hakuna kinachokuwepo mpaka mtu akichore, hata jiwe, hata ukucha. Hatua ya karatasi ambayo wengine huiruka, kwenye katuni ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Kwa hiyo mteja analazimika kuilipia.

Raymond Malinga na studio yake ya Creatures, hapa Kampala, walianza kujulikana 2017 kwa katuni fupi ya kuchekesha kuhusu kalabanda, lile zimwi ambalo kila aliyelala bweni Uganda amelisikia. Mwaka 2023 Disney ilipotoa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi 10 za Kiafrika za kisayansi ulioratibiwa na Triggerfish ya Cape Town, Malinga alikuwa mmoja wa waongozaji. Yake, Herderboy, inahusu wachungaji wa ng'ombe walio nusu binadamu nusu mashine na pepo linalowavamia. Fikiria tu maswali ambayo mchoraji wa wazo kama hilo hana budi kuyajibu. Chuma kinaungana wapi na nyama, na je, mahali hapo panauma wakati wa baridi? Mguu wa chuma ukikanyaga tope la machungani unazama au una unyayo mpana? Mchungaji wa Ankole husimama saa nzima kaegemea fimbo. Mwenye mkono wa mashine anaegemea nini? Na zile pembe za ng'ombe wa Ankole, ambazo hata bila sayansi yoyote zinaonekana zimetoka sayari nyingine, unazipunguza au unaziacha? Mtoto aliyekulia Mbarara, huko Ankole, ana majibu ya maswali haya ambayo mchoraji wa Los Angeles atayatafuta mwaka mzima asiyapate. Ndiyo elimu ya Boeing hiyo, ila imesomewa zizini.

Kisha kuna Hamid Ibrahim, Mganda, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya Kugali. Kampuni hiyo ilishirikiana na Disney kutengeneza Iwájú, mfululizo ulioanza kuonyeshwa Februari 2024 kuhusu Lagos ya siku zijazo, na Ibrahim ndiye aliyeongoza ubunifu wa mandhari yake. Yaani Lagos ya kesho, magari yake yanayopaa juu ya foleni, imepitia mikononi mwa Mganda. Nafurahi, lakini kuna kitu kinaniwasha. Kampala ya kesho haijapata mteja. Hakuna aliyemlipa mtu amwonyeshe kituo cha teksi cha Old Taxi Park cha mwaka 2080, wala boda boda zitakuwa zinabeba abiria wangapi angani kinyume cha sheria.

Jambo hili la mteja linaonekana vizuri zaidi ukiitazama filamu ya Black Panther ya 2018. Baadhi ya picha za angani za nchi ya Wakanda zilipigwa hapa kwetu, milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi. Florence Kasumba, aliyeigiza mmoja wa wale walinzi wa kike, alizaliwa Kampala. Na kazi ya ubunifu ilikuwa ya heshima: Hannah Beachler aliyeiongoza alikusanya kitabu cha marejeo cha kurasa zaidi ya 500 kuhusu nchi ile ya kubuni, na mwaka 2019 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya ubunifu wa mandhari. Sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba meza zilikochorwa Wakanda zilikuwa Marekani, malipo yakafuata meza, nasi tukabaki na fahari ya kutoa ukungu na vilele.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Filamu ya Neptune Frost ilipigwa Rwanda ikaonyeshwa Cannes mwaka 2021, na mavazi pamoja na mandhari yake ni kazi ya msanii wa Kinyarwanda Cedric Mizero, aliyevisha waigizaji mabaki ya kompyuta na nyaya. Fedha haikuwa ya kutisha, lakini mtu wa kubuni aliwekwa mbele, akapewa jina kwenye orodha, na leo kazi hiyo inatambulika kuwa ni yake. Hapa kwetu Dilman Dila wa Tororo, mwandishi na mwongozaji, alitoa filamu ya kisayansi mwaka 2017. Kwa hiyo hata waandishi wa kisayansi tunao. Ninachosubiri ni kuona mwandishi na fundi wamewekewa mtu wa tatu katikati, naye analipwa.

Kuhusu shule sina mengi. Makerere imekuwa ikifundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza darasa lake mwaka 1937, na shule yenye jina lake bado inatoa wachoraji kila mwaka. Chuo hichohicho kilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na mradi huo ukazaa basi la Kayoola lililozinduliwa 2016. Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa angani. Kila kimoja cha vitu hivyo kinahitaji mtu wa kukichora kikiwa kimefunguliwa, ili mwalimu wa Soroti amwonyeshe mwanafunzi betri iko wapi na setilaiti ile ilitazama upande gani. Hizo ndizo kazi za Boeing na CBS za kwetu, na zinalipwa na bajeti ambazo hazitegemei filamu kuuzwa. Kijana akiniuliza nimshauri nini, namwambia atafute huko kwanza. Miaka mitano ya kuchora pampu za maji kwa ajili ya vitabu vya mafundi itamfaa kuliko miaka mitano ya kuweka mashujaa wenye misuli kwenye Instagram. Hawapendi jibu hilo. Mmoja aliniambia wazi kuwa nimemvunja moyo.

Mkataba nao una mambo yake. Sheria ya hakimiliki ya Uganda, kama ilivyopitishwa 2006, inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa ni mali ya aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Hollywood nako ni hivyo: kampuni ndiyo inayomiliki. Michoro ambayo McQuarrie aliichora miaka ya 70 ikawekwa kando iliendelea kuchimbuliwa. Kwenye mfululizo wa Star Wars Rebels ulioanza 2014, miaka miwili baada ya kifo chake, mhusika mmoja mkuu alitokana na mchoro wake wa mwanzo wa Chewbacca. Inaonyesha jinsi mchoro mzuri unavyodumu kuliko mchoraji, na ni faida ya nani. Mchoraji wa Kampala hana nguvu ya kuidai hakimiliki yote, na sitamdanganya kuwa anayo. Lakini anaweza kudai yaandikwe mambo ambayo hayamgharimu mtayarishaji chochote: jina lake kwenye orodha ya mwisho, ruhusa ya kuonyesha michoro filamu ikishatoka, idadi ya marekebisho. Na zaidi ya yote, malipo yafuate mchoro kukabidhiwa, yasisubiri filamu kutoka. Filamu nyingi hazitoki. Ile ya Barwood na Robbins haikutoka.

Najua kuna anayesoma huku akisema hayo yote yamepitwa na wakati, akili mnemba inachora chombo cha anga kwa sekunde kumi. Ni kweli, na Marekani vita imeshaanza: Januari 2023 wasanii watatu, akiwemo Karla Ortiz aliyewahi kuchorea filamu za Marvel, walizishtaki kampuni za programu hizo kwa kulisha mashine kazi za watu bila ruhusa, na katikati ya mwaka huohuo Marvel wenyewe wakalaumiwa kwa kutumia akili mnemba kwenye utangulizi wa mfululizo wao mmoja. Hapa Kampala maumivu yataanzia Nasser Road, kwa sababu mteja aliyekuwa anasimama nyuma ya kiti ameshapata kiti chake mwenyewe, kwenye simu.

Lakini chukua picha ya mashine umpelekee fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Katwe. Nimemwona mmoja akikabidhiwa picha ya namna hiyo, chombo cha kuvutia chenye miguu minne. Aliitazama, akaigeuza simu, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza: "Huu mguu umeshikwa na nini?" Mwenye simu akatazama. Mguu haukuwa umeshikwa na kitu. Ulipita nyuma ya bawa ukatokea upande wa pili ukiwa mnene zaidi. Fundi akarudisha simu akaendelea na geti alilokuwa akilichomelea. Ili chombo kile kijengwe, ilibidi atafutwe mtu akae na penseli aamue mguu unashikwa na nini, na mtu huyo ndiye ambaye bajeti haikumtaja.

Kwa hiyo wenye mafungu ya kusaidia filamu, wa serikali na wa mashirika, nawaomba wabadilishe kitu kimoja. Leo wanaomba skripti na bajeti, wanachagua, wanatoa fedha ya kupiga filamu. Waweke fungu dogo kabla ya hapo, la kitabu cha michoro peke yake: michoro 20 hivi, kielelezo kimoja kilichojengwa kwa chuma au udongo ili ukizunguke, na karatasi moja ya makadirio iliyoandikwa na fundi halisi. Kitabu kikabidhiwe, mchoraji alipwe, mambo yaishie hapo hata kama filamu haitapigwa kamwe. Mwongozaji akiwa na kitabu hicho mkononi atakwenda nacho Cape Town au Nairobi kama Lucas alivyokwenda Fox. Na filamu ikifa, mwingine atakiona, kama Lucas alivyoona ya wenzake. Kampuni za simu na za bia tayari hulipia michoro kabla ya kupiga matangazo yao ya sekunde 30, kwa hiyo hakuna atakayesema jambo hili haliwezekani katika mji huu. Wachoraji wapo ghorofani Nasser Road na wanaweza kuanza Jumatatu, ili mradi nusu ya malipo iwe imeingia kwenye simu kabla hawajawasha kompyuta.